Dawa ya Wasiwasi: Wiki za Mwanzo Ndizo Mlima



Leo tunazungumza juu ya ugonjwa ambao watu wengi wanao, lakini wachache wanautaja. Ni ugonjwa wa wasiwasi. Hatutauzungumzia sana ugonjwa wenyewe. Tutazungumzia dawa zake, na hasa siku zile za mwanzo mtu anapoanza kuzimeza. Siku hizo ndizo zinazowashinda wengi.

MAMA ALIYETUPA DAWA CHOONI

Katika darasa letu moja la kisomo mkoani Kagera yupo mama mmoja, mkulima wa kahawa na migomba. Jina lake hatulitaji. Yeye mwenyewe ametuomba tuandike habari hii ili iwasaidie wengine.

Mama huyu aliuguliwa na mtoto. Mtoto akapona, lakini mama akabaki na hofu. Kila usiku moyo ulimwenda mbio. Mikono ilimtoka jasho. Pumzi ilimbana, akadhani anakufa. Mchana alifikiri mambo mabaya tu: nyumba itaungua, mtoto ataanguka, mvua haitanyesha. Alipima malaria, hana. Akapima presha, iko sawa. Hali hii iliendelea karibu mwaka mzima.

Mwisho mganga wa zahanati alimwandikia barua aende hospitali ya wilaya. Huko daktari akamwambia kuwa ana ugonjwa wa wasiwasi, akampa dawa. Foleni siku hiyo ilikuwa ndefu, na maneno yakawa machache. Mama alirudi nyumbani na bahasha ndogo iliyoandikwa 1 x 1. Basi.

Siku ya pili tumbo likaanza kumchafuka. Siku ya tatu usingizi ukapotea kabisa. Siku ya nne mikono ikatetemeka, na ile hofu ikawa kubwa kuliko mwanzo. Shemeji yake alipomwona akasema, "Shemeji, hiyo ni sumu. Ulikwenda na wasiwasi, umerudi na kutetemeka. Itupe!" Siku ya sita mama akazitumbukiza dawa zote chooni.

Wiki hiyo hiyo alikuja darasani. Kalamu ilikuwa inamcheza mkononi. Tulipomwuliza, akasema, "Mwalimu, dawa imenizidishia. Sasa sina pa kwenda."

Sisi hatukuwa na jibu. Sisi ni watu wa elimu, si waganga. Lakini tulifuatana naye mpaka hospitali. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Mama, hakuna aliyekuambia kuwa siku za mwanzo zingekuwa hivi?" Mama akajibu, "Hakuna." Daktari akanyamaza kidogo, akasema, "Basi kosa ni letu. Tuanze upya."

Ndugu msomaji, mama huyu hakushindwa na ugonjwa. Alishindwa kwa sababu hakuambiwa. Ndiyo maana tunaandika makala hii.

DAWA ZENYEWE NI ZIPI?

Dawa za wasiwasi ziko za namna kadhaa. Hapa tunataja zinazotumika sana.

Fluoksetini na setralini ni ndugu. Hizi humezwa mara nyingi asubuhi. Amitriptilini ni ya namna nyingine, ya zamani zaidi. Hii humezwa usiku kwa sababu huleta usingizi. Watu wengine husema, "Kwenye karatasi imeandikwa kuwa ni dawa ya huzuni, mimi sina huzuni." Usishangae. Dawa hizo hizo hutibu huzuni nzito na pia wasiwasi uliozidi.

Wengine huogopa maneno ya watu. Ukionekana na dawa hizi utasikia, "Huyo ni wa Mirembe." Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma tangu mwaka 1927. Imesaidia watu wengi, na kutibiwa huko si aibu. Tena watu wengi wenye wasiwasi hawalazwi popote. Humeza dawa nyumbani, huku wakilima na kulea watoto kama kawaida.

KWA NINI DAWA HUANZA NA UBAYA?

Hapa ndipo penye fumbo. Mtu anajiuliza: kama ni dawa, mbona inaniumiza?

Ndani ya ubongo kuna chembe nyingi za fahamu. Chembe hizi hupelekeana habari kwa kutumia kemikali. Kemikali hizo ni kama wajumbe. Mmoja wa wajumbe hao anaitwa serotonini. Akishafikisha habari, chembe iliyomtuma humrudisha ndani upesi. Fluoksetini na setralini humzuia asirudishwe upesi, ili akae nje na kufanya kazi zaidi.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili haiko kichwani. Iko tumboni, kwenye matumbo. Kwa hiyo ukimeza dawa ya kichwa, tumbo nalo linapata habari. Ndiyo maana kichefuchefu huja mapema, au tumbo la kuhara.

Na ubongo je? Mjumbe huongezeka upesi, lakini ubongo huchukua wiki kadhaa kumzoea. Katika kipindi hicho mtu anaweza kuona wasiwasi umepanda badala ya kushuka. Kwa hiyo ubaya hutangulia, na wema huja nyuma.

Wakulima wa kahawa mnalijua jambo hili. Mche ukiutoa kitaluni na kuupanda shambani, siku za kwanza hunyong'onyea. Majani hulala. Mkulima asiyejua atasema umekufa, ataung'oa. Mkulima anayejua huutilia kivuli, huumwagilia maji na kusubiri. Siku moja anaona jani jipya.

MAMBO YA KAWAIDA YA SIKU ZA MWANZO

Mambo yafuatayo huwapata watu wengi. Si lazima yakupate yote. Wengine hawapatwi na lolote. Mengi hupungua yenyewe katika wiki moja au mbili.

Kichefuchefu. Meza dawa pamoja na chakula, si tumbo tupu. Kula kidogo kidogo mara nyingi. Uji mwepesi au ndizi ya kuchemsha havichokozi tumbo. Chai ya tangawizi huwasaidia wengine.

Kuhara. Kunywa maji safi ya kutosha. Ukihara sana, tumia maji yenye chumvi chumvi ya zahanati. Kama hakukomi, rudi kwa mganga.

Kichwa kuuma. Pumzika na unywe maji. Parasetamoli kwa kipimo chake inafaa. Usikimbilie aspirini, diklofenaki au ibuprofeni bila kumwuliza mganga. Zikichanganywa na fluoksetini au setralini, zinaweza kuleta kutoka damu tumboni.

Kukosa usingizi. Kama unameza fluoksetini au setralini usiku, mwulize mganga kama unaweza kumeza asubuhi. Usilale mchana kutwa. Lala na kuamka saa zile zile kila siku. Usipopata usingizi, inuka ukae kidogo mahali palipotulia, kisha rudi kitandani.

Kutetemeka na wasiwasi kuongezeka. Punguza kahawa na chai ya rangi nzito. Kwetu Kagera hata kahawa ya kutafuna ni kahawa. Heshimu mgeni, lakini wewe mwenyewe chukua kiasi kidogo, au pumzika kwa wiki hizi. Mirungi usiiguse kabisa. Hofu ikikupanda, kaa chini, vuta pumzi taratibu kwa pua, toa polepole kwa mdomo. Rudia mpaka moyo utulie. Jiambie, "Hii ni dawa inaingia. Itapita."

Usingizi mzito na kizunguzungu. Haya huja zaidi kwa wanaomeza amitriptilini. Ukiamka, kaa kwanza pembeni mwa kitanda, ndipo usimame. Usipande mti, usiendeshe pikipiki, na usishike panga mpaka ujue dawa inakuchukuaje.

Mdomo kukauka na choo kuwa kigumu. Haya nayo huletwa sana na amitriptilini. Kunywa maji mara kwa mara. Kula mboga za majani, mapapai na maharage.

Hamu ya tendo la ndoa kupungua. Jambo hili watu huona haya kulisema. Matokeo yake mume na mke hununiana, na mwisho mmoja huacha dawa kimya kimya. Afadhali kusema. Tena jambo hili huenda lisiishe upesi kama kichefuchefu. Mweleze daktari. Anaweza kubadili kipimo au dawa.

MAMBO MANNE YA KUKUMBUKA

Kwanza, usiache dawa peke yako. Ukiikatisha ghafla, unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi wa maruweruwe na wasiwasi mkubwa. Kama huwezi kuendelea, rudi ulikopewa. Daktari anaweza kupunguza kipimo na kukipandisha polepole. Kwa mwenye wasiwasi, kuanza na kipimo kidogo ni jambo la kawaida.

Pili, usiongeze dawa ili upone haraka. Ukisahau siku moja, usimeze mara mbili kesho yake kufidia. Na usimgawie jirani, hata kama anaonekana ana ugonjwa kama wako.

Tatu, acha pombe. Rubisi na gongo humfanya mtu ajione ametulia usiku, lakini asubuhi wasiwasi hurudi na jamaa zake. Pombe pamoja na amitriptilini humlaza mtu usingizi wa hatari.

Nne, mweleze mganga kila unachomeza: dawa za presha, za kifua kikuu, ARV, dawa za maumivu na hata mitishamba. Usione haya kutaja mitishamba. Mama mjamzito au anayenyonyesha aseme pia. Asiache dawa kwa kuogopa kabla hajaongea na daktari.

Kuna neno moja juu ya diazepamu. Dawa hii hutuliza haraka. Daktari anaweza kukupa kwa siku chache ili uvuke mlima wa mwanzo. Lakini mwili huizoea, na kuiacha huwa vigumu. Kwa hiyo usiinunue mwenyewe dukani, wala usiendelee nayo baada ya siku ulizoambiwa.

DALILI ZA HATARI: USISUBIRI

Tumesema subira. Lakini subira ina mipaka yake. Mche ukinyong'onyea unausubiri, ukiingiliwa na wadudu huukai ukiutazama. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, mchana au usiku, ukiona moja ya mambo haya:

1. Mawazo ya kujiua au kujidhuru. Vijana walio chini ya miaka 25 waangaliwe zaidi katika wiki za mwanzo na kila kipimo kinapobadilishwa. Mtu huyu asiachwe peke yake. Ondoeni karibu yake kamba, dawa za kuua wadudu na dawa zote za kumeza. Kumwuliza mtu, "Je, unawaza kujiua?" hakumpi wazo hilo. Kunamfungulia mlango wa kusema.

2. Kushindwa kutulia kabisa, mtu hawezi kukaa wala kulala, anazunguka tu.

3. Upele mwili mzima, au uso, midomo na ulimi kuvimba, au kupumua kwa shida.

4. Homa kali pamoja na kukakamaa, kutetemeka sana na kuchanganyikiwa. Hatari hii huongezeka kama mtu amechanganya dawa hizi na tramadoli. Usiseme tu, "Ni malaria." Nenda, na uchukue dawa zako uwaonyeshe.

5. Kifafa au kuzimia.

6. Kutapika damu, au choo cheusi kama lami.

7. Kuchangamka kupita kiasi: mtu halali, hachoki, anaongea bila kukoma, anagawa mali yake ovyo.

8. Kushindwa kukojoa, au moyo kupiga bila mpango, kwa anayemeza amitriptilini.

9. Mzee kuchanganyikiwa ghafla au kulegea.

Na jambo jingine la hatari ni kuweka dawa ovyo. Amitriptilini ikimezwa nyingi huua, na kwa mtoto mdogo vidonge vichache tu vyaweza kumwua. Ziweke juu, kwenye kisanduku chenye kufuli.

KUSOMA KWAKO KUNA FAIDA HAPA

Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika una silaha mkononi. Itumie.

Soma bahasha ya dawa. Ikiandikwa 1 x 1, maana yake ni kidonge kimoja, mara moja kwa siku. Ikiandikwa 1 x 2, ni kidonge kimoja, mara mbili kwa siku. Namba ya kwanza ni idadi ya vidonge, namba ya pili ni mara ngapi. Kama bahasha haikuandikwa jina la dawa, mwombe mtoa dawa aliandike. Ni haki yako.

Kisha nunua daftari dogo. Kila jioni andika siku, umemeza au hukumeza, umelala vipi, na tatizo gani limekupata. Yule mama wa darasa letu aliporudi kwa daktari mara ya pili alianzishiwa kipimo kidogo zaidi. Safari hii aliambiwa kila kitu, na aliandika daftari. Ametupa ruhusa tuchukue mistari michache:

Siku ya 1. Nimemeza asubuhi na uji.
Siku ya 3. Kichefuchefu. Usingizi kidogo.
Siku ya 5. Mikono inatetemeka. Nimeogopa. Nimesoma nilivyoandika jana, nikaona jana ilikuwa mbaya zaidi.
Siku ya 9. Nimekula ndizi na maharage. Tumbo limekaa.
Siku ya 16. Hofu bado ipo.
Siku ya 24. Nimelala mpaka jogoo.
Siku ya 33. Nimekwenda mnadani peke yangu.

Tazameni ile siku ya 5. Bila daftari angesema, "Kila siku hali inazidi." Daftari likamwonyesha ukweli. Na tazameni siku ya 16: tumbo limepona, lakini faida haijaonekana. Hapo wengine huacha, wakisema dawa haifanyi kazi. Kwa kawaida nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya nne. Faida kamili huweza kuchukua wiki sita hadi kumi na mbili. Ukishapata nafuu, endelea na dawa kwa muda daktari atakaosema. Mara nyingi ni miezi sita au zaidi. Ukifika wakati wa kuacha, mtapunguza polepole pamoja naye.

KAZI YA WALIO NYUMBANI

Shemeji wa yule mama hakuwa mtu mbaya. Alimwonea huruma, lakini huruma bila elimu ilimrudisha nyuma mgonjwa. Baadaye tulikaa naye tukamweleza. Siku hizi yeye ndiye anayemkumbusha, "Shemeji, umeshakunywa dawa?"

Kama una mgonjwa nyumbani, usimcheke na usimwambie, "Jikaze tu." Mpunguzie kazi nzito kwa wiki mbili hizi. Muulize kila siku, "Leo umeamkaje?" Mwache aseme. Weka akiba ya nauli ya siku ya kurudi hospitali, maana dawa ikiisha katikati, shida za kukatisha ghafla zitampata. Na ukiona dalili moja katika zile tisa, usiitishe kikao cha ukoo. Mpeleke.

Mama yetu hajapona kila kitu. Zipo siku hofu inabisha hodi. Lakini juzi alisimama mbele ya darasa akasoma kurasa mbili za daftari lake kwa sauti, na kalamu haikumcheza tena mkononi. Wenzake wawili walibaki nyuma baada ya darasa. Kila mmoja alitaka kuuliza jambo kwa siri. Tuliwaelekeza zahanati.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtu anaweza kujisikia vibaya zaidi siku za kwanza za dawa ya wasiwasi?
2. Taja mambo mawili ya kawaida ambayo mtu anaweza kuyasubiri, na mambo mawili ya kumpeleka hospitali mara moja.
3. Bahasha imeandikwa 1 x 3. Maana yake ni nini?
4. Jirani yako anataka kutupa dawa siku ya tano. Utamwambia nini?
5. Kijijini kwenu watu humwitaje mwenye ugonjwa wa wasiwasi? Je, jina hilo linamsaidia au linamfukuza asiende kutibiwa?

Ukimaliza kusoma, mpe na mwenzako gazeti hili. Asiyejua kusoma, msomee.